Motokari ya umeme yajifunza kuishi bila kobalti ya Kongo

Kunako tarehe 10 mwezi wa pili mwaka wa 2025, katika mji wa Shenzhen, kampuni ya Kichina BYD ilitangaza kwamba mfumo wake wa kumsaidia shofere utawekwa karibu katika motokari zake zote, bila kuongeza bei. Mfumo huo umepewa jina la kujivuna: Jicho la Mungu. Hata Seagull, motokari ndogo kabisa ya BYD, iliyokuwa ikiuzwa wakati ule kwa yuan 69,800, yaani pungufu ya dola elfu kumi, iliupata. Siku 12 baadaye, tarehe 22 ya mwezi uleule, serikali ya Kongo ilifunga mlango: hakuna kobalti tena kutoka inchini kwa muda wa miezi minne.

Magazeti yaliandika habari hizo mbili kwenye kurasa mbalimbali, moja kwa upande wa teknolojia, nyingine kwa upande wa migodi. Lakini ni habari moja. Ndani ya ile Seagull hamna hata gramu moja ya kobalti katika betri kubwa inayoiendesha. Motokari inayotikisa soko la dunia nzima kwa bei yake haitegemei Kolwezi.

Jambo hilo lingepaswa kuzungumuzwa kila siku Kinshasa, Lubumbashi na Kolwezi. Halizungumuzwi vya kutosha.

Kwanza tuipe serikali haki yake. Kufunga mlango haikuwa wazimu. Kongo inatoa zaidi ya asilimia 70 ya kobalti yote inayochimbwa duniani, na mwanzoni mwa 2025 bei ilikuwa imeanguka mpaka karibu dola 10 kwa ratili, bei ambayo wachuuzi hawakuiona kwa miaka mingi. Kampuni CMOC ya China, inayochimba Tenke Fungurume na Kisanfu katika jimbo la Lualaba, ilitoa peke yake karibu tani 114,000 za kobalti katika mwaka wa 2024. Ilikuwa ikichimba shaba, na kobalti inatoka pamoja nayo, mtu apende asipende. Soko likajaa, na aliyepoteza zaidi ni mwenye udongo. Katika mwezi wa sita serikali iliongeza miezi mitatu juu ya ile minne. Kiisha, tangu tarehe 16 mwezi wa kumi, mamlaka inayoitwa ARECOMS ikaweka vipimo: tani 18,125 kwa kumaliza mwaka wa 2025, na tani 96,600 kwa kila mwaka wa 2026 na wa 2027. Hiyo ni chini ya nusu ya kile inchi ilichokuwa ikitoa. Bei ikapanda zaidi ya mara mbili.

Kwa hiyo wale waliosema Kongo haina nguvu sokoni walikosea. Nguvu iko. Swali ni itadumu muda gani, na jibu liko kwa watengenezaji wa motokari, haliko kwa wachimbaji.

Kwa miaka mingi betri ya motokari ya umeme ilitengenezwa kwa nikeli, manganizi na kobalti. Kobalti ndiyo iliyoifanya betri itulie, isipate moto upesi, iishi miaka mingi. Lakini ilikuwa ghali, bei yake ilirukaruka, na ilileta picha za watoto katika mashimo ya Kasulo mpaka kwenye televisheni za Ulaya. Hakuna mkubwa wa kampuni anayependa kuulizwa maswali ya namna hiyo mbele ya wenye hisa. Kunako mwaka wa 2018 Elon Musk wa Tesla alikwisha sema waziwazi kwamba betri zake zingefika mahali pa kutotumia kobalti kabisa. Wachina walikuwa wanafanya kazi hiyo bila makelele. Walichukua aina nyingine ya betri, ile ya chuma na fosfati, ambayo wataalamu wengi waliidharau kwa sababu ni nzito na inabeba umeme kidogo zaidi kwa kila kilo. BYD, iliyoanza mwaka wa 1995 kama kiwanda cha betri kabla ya kujua motokari ni kitu gani, iliipanga upya katika vipande virefu na vyembamba kama visu, na kuitoa mwaka wa 2020. Uzito ulipata dawa. Bei ikashuka. Mwaka wa 2021 Tesla nayo ikaweka betri za chuma katika motokari zake za bei ya chini.

Leo, kadiri ya Shirika la Kimataifa la Nishati, karibu nusu ya betri za motokari za umeme duniani ni za namna hiyo, na katika China ni kama robo tatu. Kobalti ingali ndani ya simu, ndani ya kompyuta, ndani ya injini za ndege, na ndani ya motokari za bei ya juu zinazotakiwa kwenda mbali. Haijafa. Lakini soko lililokuwa linaahidiwa kwa Wakongo tangu miaka kumi, lile la motokari ya mtu wa kawaida, linaenda kando.

Na kila mara bei ya kobalti inapopanda, mhandisi mmoja huko Shenzhen au Ningde anapata sababu mpya ya kuikimbia.

Mwendo huo unaharakishwa na vita vya bei ambavyo havijaonekana katika biashara ya motokari. Mwaka wa 2025 BYD iliuza motokari za umeme mtupu zaidi ya milioni 2.2, Tesla, iliyokuwa ya kwanza, iliuza karibu milioni 1.64. Mwezi wa tano wa mwaka huo BYD ilikata bei za motokari 22 za namna mbalimbali, nyingine kwa asilimia 34, na Seagull ikashuka mpaka yuan 55,800. Wengine wakalazimika kufuata. Mkubwa wa kampuni Great Wall, Wei Jianjun, alisema kwa sauti kwamba ndani ya biashara ya motokari mna Evergrande nyingine, ile kampuni ya nyumba iliyoanguka na madeni yake. Wengi walielewa anamlenga nani. Serikali ya China yenyewe iliogopa. Mwezi wa sita watengenezaji wakubwa waliahidi kuwalipa wanaowauzia vipuri ndani ya siku 60, maana wengine walikuwa wanangoja pesa zao kwa miezi na miezi.

Ulaya na Marekani zilijenga ukuta. Marekani iliweka kodi ya asilimia 100 juu ya motokari za umeme za China mwaka wa 2024, na Umoja wa Ulaya ukaongeza kodi zake mwishoni mwa mwaka huohuo: asilimia 17 juu ya BYD, asilimia 35.3 juu ya SAIC. Motokari hizo sasa zinatafuta masoko mengine, Brazili, Thailandi, na hata Afrika. Ethiopia, tangu mwanzo wa 2024, haikubali tena kuingizwa kwa motokari binafsi za petroli. Kwa hiyo mkaaji wa Bukavu anayedhani habari hii ni ya Wazungu na Wachina akumbuke kwamba Toyota anayoipanda leo ilifika hapa ikiwa mzee, kupitia Mombasa au Dar es Salaam. Mzee wa kesho atakuja na betri, na kamera kwenye kioo.

Tufike basi kwa hiyo kamera.

Wakati bei haiwezi tena kushuka, kampuni zinashindana kwa akili ya motokari. Mfumo wa kumsaidia shofere ni kamera, rada na kompyuta ambayo inaangalia barabara, inashika mwendo, inakaa kati ya mistari miwili, inafunga breki. Wahandisi wameipanga mifumo hiyo kwa ngazi, toka 0 mpaka 5. Karibu yote inayouzwa leo kwa watu wa kawaida iko kwenye ngazi ya 2: mashine inasaidia, lakini mwenye kuendesha ni mtu, na mwenye kosa ni mtu. Ngazi ya 3, ambamo shofere anaweza kuondoa macho barabarani kwa muda, ilikubaliwa Ujerumani kwa motokari chache za Mercedes, tena kwa masharti makali.

Lakini matangazo hayasemi hivyo. Yanasema akili, yanasema inajiendesha, yanasema Jicho la Mungu. Tarehe 29 mwezi wa tatu 2025, usiku, kwenye barabara kubwa ya jimbo la Anhui, motokari ya Xiaomi SU7 ilikuwa inaenda kilometa 116 kwa saa huku mfumo ukiiongoza. Mbele kulikuwa na kazi za barabara. Mfumo ulitoa onyo, shofere akashika usukani, na sekunde chache tu baadaye motokari iligonga ukuta wa saruji na kuwaka moto. Wasichana watatu, wanafunzi wa chuo kikuu, walikufa. Mwezi uliofuata wizara ya viwanda ya China iliwaita wawakilishi karibu 60 wa watengenezaji na kuwakataza kutumia maneno kama “kujiendesha” katika matangazo yao. Kwa upande wa Marekani, Tesla ililazimika mwishoni mwa 2023 kurekebisha motokari zaidi ya milioni 2 kwa sababu mfumo wake Autopilot haukuhakikisha vizuri kwamba shofere anaangalia barabara. Mwezi wa nane 2025 baraza la wazee wa mahakama huko Miami liliiagiza kampuni hiyo kulipa karibu dola milioni 243 kwa ajali ya mwaka wa 2019.

Sekunde chache. Hapo ndipo uongo wa biashara hii unakaa. Mtu aliyeambiwa apumzike hawezi kuamka, kuelewa na kugeuza usukani kwa muda wa kukohoa. China ilifanya vema kukataza maneno yale, ingawa ilingoja vifo. Na siku motokari hizo zitakapofika kwa wingi mashariki mwa Kongo, zitatafuta mistari mieupe kwenye barabara ya Goma kwenda Minova. Wakaaji wa huko wanajua zitapata nini.

Akili hiyo yote inakaa ndani ya chipu. Motokari ya kisasa inabeba chipu elfu moja au zaidi. Nyingine zinafika elfu tatu. Si zote ni za ajabu. Moja inafungua kioo, nyingine inawasha taa, nyingine inapima joto la betri. Ikikosekana moja ya senti chache, motokari ya dola elfu thelathini haitoki kiwandani.

Dunia iliona hayo kunako mwaka wa 2021. Wakati wa korona watengenezaji wa motokari walifuta maagizo yao ya chipu, wakidhani watu hawatanunua. Viwanda vya chipu vikageukia simu na kompyuta. Watu waliporudi kununua motokari, nafasi haikuwapo tena. Juu ya hayo, baridi kali ilifunga viwanda vya Austin katika Texas mwezi wa pili, na mwezi wa tatu moto ulishika kiwanda cha Renesas huko Naka, Japani. Kampuni ya ushauri AlixPartners ilikadiria kwamba motokari milioni 7.7 hazikutengenezwa mwaka huo. BYD haikuumia kama wengine, kwa sababu sehemu ya chipu zake inazitengeneza yenyewe.

Watu walidhani funzo limeeleweka. Kisha ikaja Nexperia. Kampuni hiyo iko Nijmegen, Uholanzi, lakini mwenyewe ni Wingtech ya China. Mwisho wa mwezi wa tisa 2025 serikali ya Uholanzi ilichukua usimamizi wake, ikiogopa ujuzi usihamishwe. Siku chache baadaye China ilikataza chipu za Nexperia zisitoke katika kiwanda cha Dongguan, ambapo sehemu kubwa ya chipu hizo inamaliziwa na kufungwa. Ni chipu za kawaida kabisa, za bei ya peremende. Honda ilisimamisha kiwanda chake cha Celaya, Mexico. Volkswagen na wengine wakaanza kuhesabu siku. Mwezi wa kumi na moja Uholanzi ilirudi nyuma na kusimamisha uamuzi wake.

Msomaji wa Kolwezi asome vizuri hadithi hiyo. Sehemu kubwa ya vipande vile vinaanza Ulaya, kwenye kiwanda cha Hamburg, na vinapelekwa China kwa kumaliziwa. Aliyeshika hatua ya mwisho ndiye aliyefunga mlango na dunia ikasikia. Katika upungufu wa 2021 na katika ule wa 2025, hakuna mgodi uliokauka. Silikoni inatoka katika mchanga na mawe ambayo yako karibu kila mahali. Kilichokosekana ni kiwanda. Ndiyo sababu bwawa la nguvu haliko mahali udongo unapotoka, liko mahali udongo unapogeuzwa kuwa kitu. Kongo inachimba zaidi ya asilimia 70 ya kobalti, lakini China ndiyo inayosafisha zaidi ya robo tatu ya kobalti ya dunia. Vipimo vya ARECOMS vinaweza kupandisha bei. Haviwezi kuleta hata tanuru moja.

Hapo mashariki mwa inchi panaingia, na kwa uchungu. Chipu haikai hewani. Inalehemiwa juu ya kibao, na cha kulehemia ni bati, inayotokana na kasiterite. Karibu nusu ya bati ya dunia inaenda katika kazi hiyo. Bisie, katika teritwari ya Walikale, ni mmoja wa migodi mikubwa ya bati duniani. Tarehe 13 mwezi wa tatu 2025, waasi wa M23 walipokuwa wanakaribia, kampuni Alphamin ilifunga kazi na kuondoa watu wake, na bei ya bati katika soko la London ilipanda mara moja. Kazi ilirudi mwezi wa nne. Kando ya chipu kuna pia vipande vidogo vya tantali ambavyo vinaweka umeme na kuutoa bila kuyumba, na tantali ni koltani. Rubaya, katika Masisi, inatoa karibu asilimia 15 ya koltani ya dunia. Tangu mwisho wa mwezi wa nne 2024 mgodi huo uko mikononi mwa M23, na wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika kwamba kodi juu ya koltani ya pale iliwapatia waasi karibu dola 800,000 kila mwezi. Udongo ulifukia wachimbaji pale zaidi ya mara moja. Wenzao walirudi shimoni, maana jioni watoto wanapaswa kula.

Kwa hiyo mtu asiseme kwamba motokari mpya haihitaji tena Kongo. Inahitaji shaba nyingi, na Kongo imekuwa ya pili duniani kwa shaba, mbele ya Peru. Betri ya chuma inatupa kobalti lakini haitupi lithiamu, na Manono katika Tanganyika iko na lithiamu nyingi ambayo kwa miaka imefungwa na kesi za mahakama kati ya kampuni ya Australia, kampuni ya China na leta yenyewe. Bati, tantali, shaba, lithiamu: mahitaji yanahama toka dini moja hadi dini nyingine, na Kinshasa ingali inasali katika ile ya zamani. Maneno yote ni kobalti.

Haikukosekana ahadi. Mwezi wa kumi na moja 2021, katika mkutano mkubwa wa Kinshasa, BloombergNEF ilionyesha kwamba kujenga nchini Kongo kiwanda cha tani 10,000 cha kutengeneza poda ya betri kungegharimu dola milioni 39, karibu theluthi ya gharama ya Marekani. Mwezi wa nne 2022 Kongo na Zambia zilitia sahihi mapatano ya kutengeneza betri pamoja, na Chuo Kikuu cha Lubumbashi kikafunguliwa kituo cha utafiti wa betri. Vijana wa kituo hicho wako na akili na nia. Kiwanda hakiko. Poda ile, wakati serikali zinahutubia, ilikuwa inapangwa kwa betri za nikeli na kobalti; kila mwaka unaopita, mnunuzi wake anapungua.

Umeme nao haupo. Mkongomani mmoja tu kati ya watano anapata umeme, na migodi ya Katanga yenyewe inanunua wa Zambia au inawasha jenereta za mazuti. Kusafisha madini ni kazi inayokula umeme usiku na mchana. Waziri yeyote anayeahidi kiwanda cha betri bila kutaja megawati zitakapotoka anacheza na watu.

Lakini kuna kitu kimoja kilicho tayari mezani, na hakihitaji mkutano mpya. Ndani ya zile tani 96,600 za kila mwaka, tani 9,600 zimewekwa kando kwa miradi ya kitaifa chini ya mamlaka ya ARECOMS. Kwa bei ya sasa ni mamia ya mamilioni ya dola. Wanainchi wana haki ya kujua nani anapewa tani hizo, kwa bei gani, na pesa zinaingia katika mfuko gani. Kama zitagawanywa kwa wafanyabiashara wenye ndugu serikalini, kama ilivyotokea kwa mambo mengine mengi, basi mlango ulifungwa bure. Kama zitapewa yule tu anayejenga tanuru la kusafisha Likasi au Kolwezi, au anayeweka mashine za umeme kwenye mto, kutakuwa na kitu cha kuonyesha siku vipimo vitakapoisha.

Vitaisha mwisho wa mwaka wa 2027. Indonesia, ya pili kwa kobalti, inaongeza ya kwake kila mwaka pamoja na nikeli, na haikuweka kipimo chochote juu yake kwa kuisaidia Kongo. Na huko China, Seagull inazidi kutoka kiwandani, na Jicho lake kwenye kioo, na betri yake ya chuma chini ya viti.